Kauli ya Aliyenyamaza: Uchaguzi wa Iraq wa 2005 na Wale Waliobaki Majumbani

 

Katika kanuni za fiqhi zinazonasibishwa na Imamu Shafi (r.a.) ipo moja ambayo kila mwanafunzi huipitia mapema, nayo ni kwamba mtu aliyenyamaza hanasibishwi kauli. Mtu akiuza mali yako mbele yako nawe ukakaa kimya, kimya chako hakimfanyi yeye kuwa wakili wako, wala mauzo hayo hayakufungi. Waandishi wa Majalla, ile sheria ya madai ya dola ya Uthmaniya ya karne ya 19, waliiweka kanuni hiyo katika kifungu cha 67. Lakini hawakuishia hapo. Waliongeza kwamba kunyamaza mahali ambapo maneno yanahitajika huhesabiwa kuwa ni maneno. Mfano mashuhuri ni wa bikira anayeulizwa kuhusu ndoa yake akanyamaza.

Nusu mbili za kanuni hiyo zinavutana, na mafakihi wamejaza kurasa nyingi wakipambanua ni wapi inatumika hii na wapi inatumika ile. Sisi katika makala haya tunakusudia kuitumia kusoma tukio moja la historia ya karibuni, yaani uchaguzi uliofanyika Iraq tarehe 30 Januari 2005 na yale yaliyoufuatia. Hatukusudii kurejea mjadala wa kama kupiga kura chini ya mifumo ya leo ni halali au la. Wanazuoni wamehitilafiana humo, na hitilafu hiyo husikika hata katika misikiti yetu kila uchaguzi unapokaribia. Tunalouliza ni jambo jingine ambalo pande zote mbili hulipita haraka: sanduku la kura huhesabu waliokuja tu. Kauli ya wasiokuja huenda wapi?

Chungu kisichokorogwa

Mpishi akitaka kujua kama chumvi imekolea, haimpasi anywe mchuzi wote. Kijiko kimoja kinatosha, kwa sharti kwamba chungu kimekorogwa. Na uchaguzi ni vivyo hivyo. Ikiwa watu wasiokuja kupiga kura wametoka katika makundi yote kwa kiasi kinacholingana, masikini kwa tajiri, kaskazini kwa kusini, vijana kwa wazee, basi matokeo hayatabadilika sana hata wakija nusu yao tu. Tatizo huanza pale wanaobaki nyumbani wanapokuwa wa upande mmoja. Hapo kijiko kimechota mafuta yaliyoelea juu, nasi tunaambiwa hiyo ndiyo ladha ya chungu kizima.

Jambo hili halihitaji vita wala fitina ili litokee. Mwaka 1997 mwanazuoni wa siasa Arend Lijphart alieleza kwamba katika nchi ambazo wapiga kura wanaojitokeza ni wachache, wachache hao huwa si picha ya wananchi wote: wenye mali na elimu huja zaidi, na mafukara hubaki. Australia ilikuwa na hali ya namna hiyo. Katika uchaguzi wa shirikisho wa 1922 waliojitokeza hawakufika asilimia 60. Mwaka 1924 ikapitishwa sheria ya kumlazimisha kila aliyeandikishwa apige kura, na mwaka uliofuata walijitokeza zaidi ya asilimia 91. Tafiti za baadaye juu ya sheria za kulazimisha kura katika majimbo ya nchi hiyo zimeonyesha kwamba chama cha wafanyakazi kilipata kura zaidi pale sheria hiyo ilipoingia. Nchi ilikuwa na watu wale wale, ila safari hii wale wa chini ya chungu nao walifika kwenye kijiko.

Hapa Afrika Mashariki tunao mfano ulio karibu zaidi, na hesabu yake inafaa kutazamwa kwa utulivu bila ushabiki. Katika uchaguzi wa rais wa Kenya wa tarehe 8 Agosti 2017, Bwana Uhuru Kenyatta alitangazwa kuwa amepata kura kama milioni 8.2, ambazo zilikuwa asilimia 54. Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi huo. Uliporudiwa tarehe 26 Oktoba, mpinzani wake Bwana Raila Odinga akiwa amejitoa na wafuasi wake wakiwa wamesusia, Bwana Kenyatta alipata kura kama milioni 7.5, yaani pungufu kuliko za Agosti. Lakini sasa zilikuwa asilimia 98. Waliojitokeza walikuwa chini ya asilimia 40 ya walioandikishwa. Msomaji azingatie: kura zimepungua, asilimia imepanda karibu mara mbili. Asilimia haimtaji aliyebaki nyumbani hata kwa herufi moja.

Tumetanguliza mifano hii ili isidhaniwe kwamba ya Iraq ni kioja cha Waarabu au cha madhehebu. Tumeichagua Iraq kwa sababu huko walioamua nani aje na nani asije walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanazuoni.

Fatwa mbili

Majeshi ya Marekani na washirika wake yaliivamia Iraq Machi 2003. Mwezi Juni mwaka huo Ayatullah Ali Sistani wa Najaf alitoa fatwa kwamba katiba mpya haiwezi kuandikwa na watu walioteuliwa na wakaliaji. Lazima iandikwe na watu waliochaguliwa na Wairaki wenyewe. Paul Bremer, mtawala wa Kimarekani, alikuwa na mpango mwingine, na fatwa hiyo ikamlazimisha kuubadilisha. Ilipofika Oktoba 2004 Sistani aliendelea mbele zaidi akawaambia wafuasi wake kwamba kujiandikisha na kushiriki ni wajibu kwa wanaume na wanawake waliotimiza masharti. Mashia ndio wengi nchini humo, na walikuwa wametengwa na madaraka kwa miongo mingi. Hesabu yake haikuwa ngumu kuielewa.

Upande wa Masunni wa Kiarabu, chombo kilichosikilizwa zaidi kilikuwa Hay'at Ulamaa al-Muslimin, Jumuiya ya Wanazuoni wa Kiislamu, ikiongozwa na Sheikh Harith al-Dari. Novemba 2004, majeshi ya Marekani yalipoushambulia mji wa Fallujah na kuuacha magofu, Jumuiya hiyo iliwataka watu waususie uchaguzi. Hoja yao ya kifiqhi haikuwa nyepesi. Walisema kwamba uchaguzi unaofanywa chini ya bunduki za mkaliaji ni kumpa mkaliaji sura ya uhalali, na kwamba matokeo yake hayawezi kuwa na nguvu ya kisheria juu ya umma. Vyama vilivyoomba uahirishwe kwa miezi sita vilikataliwa. Chama cha Kiislamu cha Iraq, ambacho kilikuwa kikubwa kuliko vyama vingine vya Kisunni, kilijitoa mwishoni mwa Disemba 2004, ingawa jina lake lilibaki kwenye karatasi za kura.

Tukizisoma fatwa hizi mbili leo tunaona kwamba zilikubaliana juu ya jambo kubwa: wote wawili waliukataa ukaliaji. Walitofautiana katika kuhukumu maana ya kunyamaza. Mmoja aliona kunyamaza ni kuacha haki ipotee. Wa pili aliona kunyamaza ndiyo kauli yenyewe, kauli ya kukataa, na kwamba dunia ingeisikia.

Siku ya tarehe 30 Januari

Uchaguzi ulipofanyika waliojitokeza nchi nzima walikuwa asilimia 58, idadi ambayo katika nchi iliyo vitani ilisifiwa kila mahali. Lakini wastani huo ulificha mambo. Katika mikoa ya Wakurdi walijitokeza asilimia 80 na zaidi. Najaf na Karbala zaidi ya asilimia 70. Salahuddin asilimia 29. Ninawa, ambako ndiko uliko mji wa Mosul, asilimia 17. Na Anbar, mkoa wa Fallujah na Ramadi, asilimia 2.

Tusije tukadhani kwamba wote hao walibaki majumbani kwa kuitikia wito wa wanazuoni. Wiki moja kabla ya kura Abu Mus'ab al-Zarqawi alikuwa ametoa kanda ya sauti akitangaza vita dhidi ya uchaguzi na kila anayeushiriki, na siku yenyewe makumi ya watu waliuawa kwa mashambulizi. Wakazi wa Fallujah wengi walikuwa wakimbizi. Wapo waliosusia kwa itikadi, wapo waliosusia kwa hasira, wapo waliotaka kupiga kura lakini wakaogopa jirani asije akauona wino kidoleni, na wapo ambao hapakuwa na kituo cha kuwafikia. Asilimia 2 haisemi nani ni nani. Hapa ndipo tunapoiona hekima ya nusu ya kwanza ya kanuni: kimya kina milango mingi, na asiyejua kilipitia mlango gani hana haki ya kukitafsiri.

Lakini viti vilipogawanywa, kimya kilitafsiriwa bila kuulizwa. Utaratibu uliowekwa ulikuwa wa uwiano wa kura, nchi nzima ikiwa jimbo moja la uchaguzi. Jambo hili linaonekana la kiufundi tu, na magazeti ya wakati ule hayakulijadili sana, lakini ndilo lililougeuza ususiaji kuwa msiba. Laiti kila mkoa ungekuwa na viti vyake, Anbar ingepeleka wabunge wake hata kama waliopiga kura ni wachache, kama inavyotokea katika majimbo yetu. Kwa utaratibu wa jimbo moja, mkoa usiokuja haupati wabunge wachache waliochaguliwa na wachache, unapata karibu na sifuri. Viti vyake huhamia kwa waliokuja.

Muungano wa Mashia ulipata viti 140 kati ya 275, Wakurdi 75, na orodha ya Iyad Allawi 40. Masunni wa Kiarabu, wanaokadiriwa kuwa kama moja ya tano ya wananchi, walikuwa na wabunge wapatao 17 katika orodha zote, yaani asilimia 6.

Nani aliyeandika katiba

Bunge hilo halikuwa la kupitisha bajeti tu. Kazi yake kuu ilikuwa kuandika katiba, kama fatwa ya 2003 ilivyotaka. Kamati ya uandishi ilipoundwa Mei 2005 ilikuwa na wajumbe 55, na kati yao Masunni wa Kiarabu walikuwa wawili. Baada ya malalamiko na mashinikizo wakaongezwa 15 kutoka nje ya bunge, lakini hao walikuja kama wageni katika nyumba iliyokwisha kupangwa. Mmoja wao, Mijbil Issa, aliuawa Baghdad mwezi Julai.

Masuala waliyoyapinga hayakuwa ya maneno matupu. Katiba iliruhusu mikoa kuungana na kuwa maeneo yenye mamlaka makubwa. Mafuta mengi ya Iraq yako kusini na kaskazini, na Anbar ikahofia kubaki na jangwa. Vifungu vya kuwaondoa waliokuwa wanachama wa Baath katika kazi za serikali viliwagusa Masunni kwa wingi. Na palikuwa na mzozo juu ya mafuta yanayochimbwa sasa na yale yatakayogunduliwa baadaye, nani atayasimamia. Agosti 28 rasimu ikasomwa bungeni bila ridhaa ya wajumbe wao.

Basi hapa ndipo penye jibu la swali letu la mwanzo. Kauli ya wasiokuja haikubaki hewani ikisubiri. Ilijazwa na matakwa ya waliokuja. Hatusemi kwamba Mashia na Wakurdi walifanya hila. Kila kundi lilisema linalolitaka, na mjumbe husemea waliomtuma. Asiyemtuma mjumbe hana wa kumsemea, hata kama mjumbe aliyepo ni muadilifu.

Mpiga kura ni nani?

Kisha likatokea jambo ambalo, kwa mwanafunzi wa fiqhi, lina thamani kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Sheria ya Mpito ya Machi 2004 ilisema kwamba rasimu ya katiba itakuwa imekataliwa ikiwa theluthi mbili ya wapiga kura katika mikoa mitatu wataikataa. Kifungu hicho kiliwekwa kwa ajili ya Wakurdi, wenye mikoa mitatu, ili wasilazimishwe. Sasa Masunni, waliokwisha kujifunza somo la Januari, walikuwa wakijiandikisha kwa wingi ili wakitumie wao. Mwanzoni mwa Oktoba 2005 bunge likatoa tafsiri: katika kupitisha katiba, wapiga kura ni wale waliopiga kura. Katika kuikataa mkoani, wapiga kura ni wote walioandikishwa.

Tuifafanue. Neno moja, katika kifungu kimoja, lilipewa maana mbili. Chini ya tafsiri ile, mtu aliyeandikishwa akabaki nyumbani kwa kuogopa bomu, au kwa ugonjwa, au kwa kususia, angehesabiwa kuwa ameunga mkono. Kimya chake kingenasibishwa kauli, tena kauli ya kukubali. Umoja wa Mataifa ulipinga, viongozi wa Kisunni walipinga, na baada ya siku chache bunge lenyewe likairudisha tafsiri ya kawaida kwa kura nyingi.

Kura ya maoni ilifanyika Oktoba 15. Anbar waliikataa katiba kwa asilimia 97. Salahuddin waliikataa kwa karibu asilimia 82. Katika Ninawa walioikataa walikuwa asilimia 55, na theluthi mbili ni kama asilimia 67. Mikoa miwili ikawa imefikia kiwango, wa tatu haukufikia, na katiba ikapita kwa asilimia 78 na ushei ya kura za nchi nzima. Miezi tisa kabla, mikoa hii ingeweza kuwa na sauti katika kuandika. Sasa waliweza tu kusema ndiyo au hapana juu ya maandishi ya wengine, na hapana yao haikutosha.

Sahaba aliyewaendea wasiokuja

Tusimame kidogo turudi Madina, mwaka wa 23 Hijria. Umar (r.a.), akiwa amejeruhiwa, aliliacha jambo la ukhalifa mikononi mwa sahaba sita. Abdurrahman bin Auf (r.a.) akajitoa katika ugombea ili awe msimamizi. Tunaambiwa na wapokezi kwamba alikesha siku tatu akiwauliza watu. Ibn Kathir katika tarikh yake anataja kwamba hakuishia kwa wakubwa na makamanda. Aliwauliza hata wanawake waliokuwa nyuma ya mapazia yao, na wasafiri na mabedui walioingia Madina siku zile.

Wengi huitaja habari hii kuonyesha kuwa shura ni ya watu wote. Sisi tunataka kuashiria jambo dogo zaidi ndani yake: Abdurrahman alikwenda yeye. Hakukaa msikitini akasubiri wajao. Angefanya hivyo angeisikia rai ya wanaume wenye nafasi wanaokaa karibu na msikiti, naye angedhani ameisikia Madina. Uchaguzi wa zama zetu umeugeuza mwendo huu. Anayeulizwa ndiye anayetakiwa kumfuata muulizaji, na gharama ya safari hiyo, iwe ni nauli, kibarua cha siku au roho yenyewe, haiko sawa kwa kila mtu.

Na katika habari hiyo hiyo yupo aliyekuwa ghaibu. Talha (r.a.), mmoja wa wale sita, alikuwa safarini na hakuwahi mashauriano. Imepokewa katika tarikh ya Tabari kwamba aliporejea, Uthman (r.a.) akiwa amekwisha kupewa bai'a, Uthman alimwambia kuwa bado ana hiari yake, na akikataa basi jambo litarudishwa. Talha akauliza kama watu wote wameridhika, alipojibiwa ndiyo, naye akatoa bai'a. Haki ya asiyekuwepo haikuhesabiwa kuwa imekufa kwa sababu tu wenzake wamemaliza.

Ama wanazuoni wa zama hizi, miongoni mwao Sheikh Yusuf al-Qaradawi (aliyefariki 2022), wameifananisha kura na shahada, ushahidi mbele ya kadhi. Suratul-Baqara, aya ya 282, inawakataza mashahidi kukataa wanapoitwa, na aya hiyo hiyo inakataza shahidi asidhuriwe. Mafakihi wakachukua humo kwamba kutoa ushahidi ni faradhi ya kutosheleza, hugeuka kuwa faradhi ya kila mtu ikiwa haki itapotea bila yeye, na huanguka akihofia madhara ya kweli. Kwa kipimo hicho mtu wa Ramadi aliyebaki ndani siku ile kwa kuogopa kuuawa hana lawama. Lakini udhuru wa shahidi hauithibitishi haki aliyoitwa kuishuhudia. Kesi huendelea, na hukumu hutolewa kwa ushahidi uliopo. Wanaojadili hukmu ya kupiga kura mara nyingi huishia kwenye dhambi na thawabu za mtu mmoja mmoja, na hapo ndipo tunapoona mjadala unakatika kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe.

Waliporudi

Mabadiliko ya fikra yalianza mapema kuliko inavyokumbukwa. Mwezi Aprili 2005 wanazuoni 64 wa Kisunni, tamko lao likisomwa na Sheikh Ahmad Abdul-Ghafur al-Samarrai, waliwahimiza watu wao wajiunge na jeshi na polisi ili vyombo hivyo visibaki mikononi mwa wengine. Mei viongozi wa Kisunni walikutana Baghdad. Adnan al-Dulaimi, aliyekuwa akisimamia wakfu za Kisunni, akawa mmoja wa waliosukuma ushiriki. Jumuiya ya akina Sheikh Harith yenyewe ilibaki nje, nasi hatuoni insafu kuwadharau: hofu yao kwamba ukaliaji ungetumia sanduku la kura kama pazia haikuwa ya kubuni.

Katika uchaguzi wa Disemba 15, 2005, orodha mbili kubwa za Kisunni zilipata viti 44 na 11. Jumla 55 kati ya 275, moja ya tano kamili. Tukumbuke pia kwamba sheria ilikuwa imebadilishwa, viti 230 vikagawiwa mikoa na 45 tu vikabaki vya kufidia, kwa hiyo si mahudhurio peke yake yaliyofanya kazi. Hata hivyo mtu haingii bungeni kwa sheria nzuri bila ya kura.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko Ninawa. Siku ile ile ya Januari 2005 palichaguliwa pia mabaraza ya mikoa. Waarabu wa Kisunni ndio wengi katika mkoa huo, lakini kwa kuwa hawakuja, orodha ya Wakurdi ilichukua viti 31 kati ya 41. Kwa miaka minne Mosul, mji wa Waarabu kwa sehemu kubwa, ikawa na baraza ambalo robo tatu yake ni ya watu walio wachache. Januari 2009 uchaguzi uliporudi na Waarabu wakaja, orodha yao ya al-Hadba ilipata viti 19 kati ya 37, na Wakurdi 12. Al-Hadba nayo, ilipopata wingi, ikajichukulia nafasi zote za juu, na Wakurdi wakasusia baraza. Dhuluma ya kuhesabiwa hupona kwa hesabu, ama tabia ya mwenye nguvu ni darsa nyingine.

Hata ndani ya Anbar kwenyewe, palipokuwa na dhehebu moja kwa sehemu kubwa, kijiko kilichota juu. Baraza la mkoa lilikuwa limechaguliwa na wale asilimia 2, na kwa kuwa jina la Chama cha Kiislamu lilikuwa bado kwenye karatasi, ndicho kilichopata sehemu kubwa ya viti. Masheikh wa makabila waliosimama baadaye kupigana na kundi la Zarqawi, hasa kuanzia 2006, walikuwa wakilalamika kwamba wanatawaliwa na baraza ambalo hakuna aliyelichagua. Kwa hesabu, walikuwa karibu na ukweli. Mwaka 2009 nao wakaingia, na chama hicho kikapoteza utawala wa peke yake.

Viti, basi, vilirudi. Katiba haikurudi. Siku tatu kabla ya kura ya maoni ya Oktoba 2005, Chama cha Kiislamu kilikubali kuiunga mkono kwa ahadi iliyoandikwa katika ibara ya 142, kwamba bunge lijalo litaunda kamati ya kuipitia upya na kuleta mapendekezo ndani ya miezi minne. Kamati iliundwa, ikaongezewa muda, ikaongezewa tena. Hakuna rekebisho hata moja lililofika kwa wananchi kupigiwa kura, na maandishi yanayotumika Baghdad leo ni yale yale yaliyoandikwa katika kiangazi cha 2005.